Land Rover 109 iliyolala miaka: gonga chesisi kabla hujagusa injini

Mara nyingi napigiwa simu na mtu aliyeikuta Land Rover kuukuu nyuma ya nyumba ya mjomba wake, nyasi zimepita kwenye sakafu, kuku wametagia kiti cha dereva. Swali la kwanza huwa lilelile: "Fundi, itawaka?" Mimi injini huiangalia mwishoni kabisa. Ile ya petroli ya cc 2286 ni ngumu, na mafundi wa kuifungua na kuifunga bado wapo. Linaloamua kama gari litarudi barabarani ni chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na mnunuzi haioni kwa sababu juu yake kuna bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu. Mlango unang'aa, chini pamekwisha.

Nalisema kwa uchungu. Ya kwanza niliinunua Tanga, mita chache kutoka baharini. Muuzaji aliunga betri, ikawaka mara ya pili, nikalipa siku hiyohiyo. Nilipoipandisha gereji, jeki ilizama kwenye chuma kama kidole kwenye papai lililoiva. Hatua zinazofuata ndizo ninazotumia tangu siku ile.

Beba nyundo ndogo, bisibisi pana ya zamani, brashi ya waya, tochi, sumaku, jeki na stendi mbili, spana ya plagi, oili nusu lita na mkeka wa kulalia. Nenda asubuhi, na usiende na pesa mfukoni.

Hatua ya 1: Jua ni ipi, na ni ya nani

109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ile fupi ni 88. Kama saa za dashibodi ziko mbele ya dereva na grili ni ya plastiki, hiyo ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Saa zikiwa katikati ya dashibodi, ni Series II au IIA. Tofauti hii ina uzito unapotafuta vipuri, hasa vya giaboksi.

Kisha omba kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Isugue kwa brashi mpaka isomeke, uilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Magari haya mengi yalikuwa ya mashirika, misheni au serikali, yakauzwa, yakauzwa tena bila kubadilishwa jina. Mengine mwenye kadi ameshafariki. Hapo usikubali maneno ya mtoto mmoja wa marehemu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Asipokuwepo, subiri ateuliwe.

Hatua ya 2: Lala chini, gonga

Hapa tumia saa nzima. Chesisi ya Land Rover ni boksi: mabati ya chuma yaliyochomelewa yakaacha uwazi ndani. Tope na maji huingia, hukaa humo, kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana macho hayatoshi. Gonga kila sentimita tano ukisikiliza. Chuma kizima hulia, sauti yake ni kali na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito ya kufa, na nyundo hairudi.

Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Ndiyo huanza kufa. Fuata sehemu zinazoshika springi, mbele na nyuma, juu na chini yake. Kisha mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kushika bodi na tangi. Ile ya chini ya miguu ya dereva huokota tope lote la tairi la mbele. Malizia na mihimili miwili mirefu, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Sauti ikibadilika, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, weka alama ya chaki na upige picha.

Rangi nyeusi mbichi au lami iliyopakwa chini ya gari linalouzwa, mimi huichukulia kama onyo. Ikwangue. Mara nyingi utakuta kiraka juu ya kiraka, bati jipya limechomelewa juu ya lililooza bila kukatwa.

Hukumu yangu ni hii. Boriti ya nyuma peke yake ikiwa imeoza, endelea, maana hukatwa ikafungwa nyingine. Mikono ya pembeni, endelea. Mihimili mirefu ikiwa laini sehemu tatu au nne, hesabu chesisi nzima mpya. Uingereza bado zinatengenezwa, hata zilizozamishwa kwenye zinki, lakini ongeza meli, ushuru na kazi ya kuhamisha kila kitu. Mara nyingi hapo ndipo ninapomwambia mteja aache, au anunue kama spea tu.

Hatua ya 3: Ukuta wa mbele na bodi

Pitisha sumaku. Haitashika kwenye mabawa, yale mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, wala kwenye uso wa nje wa milango, maana hapo ni aluminiamu. Itashika kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, na huo ndio wa pili kwa umuhimu. Inua mikeka, gonga vibakuli vya miguu, kisha tikisa mlango ukiwa wazi nusu: nguzo ya bawaba ikicheza, imeliwa. Mahali ambapo sumaku ilipaswa kushika ikakataa, kuna putty nene.

Pale aluminiamu inapogusana na chuma na maji yakaingia kati, inayoliwa ni aluminiamu. Utaona rangi imevimba na chini yake unga mweupe. Kwenye kingo si tatizo kubwa. Mikunjo ya bodi pia isikutishe, fundi bodi mzuri huinyoosha.

Hesabu vilivyopotea: vioo vya milango, reli zake, saa za dashibodi, taa, vifuniko. Vitu vidogo hivi ndivyo humaliza bajeti kimyakimya.

Hatua ya 4: Magurudumu na usukani

Pandisha upande mmoja, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Kisha angalia ile tufe ya kromu nyuma ya gurudumu la mbele. Ikiwa na vishimo vya kutu, hata ukibadilisha sili, oili itaendelea kuvuja. Springi za mabapa zikiwa zimeshikana kwa kutu, gari litaruka kama mkokoteni, ila hilo linatibika. Breki hesabu zote ni mpya, hata pedali ikiwa ngumu.

Hatua ya 5: Sasa injini

Usiunge betri. Injini iliyolala miaka ikipigwa starta kavu, kutu iliyoshika kwenye silinda itakwangua ringi. Vuta dipstiki: oili iliyofanana na chai ya maziwa ina maji ndani. Toa plagi zote nne, mimina oili kijiko kimoja kila silinda, uache hadi kesho yake. Kisha weka gia huru, ingiza hendeli mbele, uzungushe kwa mkono polepole. Ikizunguka duru mbili kamili bila kukwama, una injini ya kuanzia.

Ukiwa na geji, pima mgandamizo. Namba zikikaribiana silinda zote ni dalili njema, hata zikiwa chini kidogo. Moja ikiachwa mbali, ongeza oili kijiko upime tena: ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Ukikuta injini ya Toyota au Nissan mle ndani, na wengi walibadilisha, rudi kwenye kadi uangalie namba ya injini.

Mwisho, sukuma chini kifundo cha njano, kile cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na uvute mkono wenye kifundo chekundu, ule wa gia nzito. Vikigoma, mara nyingi ni viungo vya nje vimeshikana kwa kutu, lakini andika.

Hatua ya 6: Kaa nayo usiku mmoja

Rudi nyumbani na picha zako. Andika chesisi na ukuta wa mbele kwanza, bei ya fundi wa kuchomelea pembeni yake, kisha vilivyopotea, breki, tairi, nyaya. Injini iwe mstari wa mwisho. Jumla hiyo iongezee nusu yake, halafu ndipo umpigie muuzaji.

Mkikubaliana, usiivute kwa kamba. Breki za gari lililolala hunasa, na usukani hujui una nini. Kodi lori lenye kreni, na mwambie dereva afunge mikanda kwenye ekseli. Kwenye chesisi asiguse mpaka umwonyeshe alama zako za chaki.