Mpaka Kwanza, Adhabu Mwisho: Namna ya Kutunga Sheria Ndogo ya Kulinda Mwamba na Mikoko katika Vijiji vya Mwambao wa Tanga

Mjumbe wa halmashauri ya kijiji ni mtunga sheria. Katika mwambao wetu, tangu Moa hadi Mkwaja, neno hilo likitajwa watu huwafikiria wabunge walioko Dodoma, ilhali Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ambayo sasa ni Sura ya 287, imeipa halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo ukitumiwa kwa uangalifu unaweza kuuokoa mwamba unaokwisha pweza. Ukitumiwa kwa pupa, huzaa karatasi ya kukaa kabatini.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya mazingira katika kijiji kimoja cha upande wa Pangani, na rasimu yetu ya kwanza ilirudishwa kutoka wilayani ikiwa imejaa wino mwekundu. Tulikuwa tumeanza na adhabu, kwa kuwa tulikuwa na uchungu: pweza waliokuwa wakipatikana mwambani walikuwa wadogo kiasi cha kuenea kiganjani. Tuliandika faini nzito, tukaandika kunyang'anya vyombo, tukaandika hata kufukuzwa kijijini, lakini hapakuwa na kifungu kimoja kinachosema mwamba wenyewe unaanzia wapi na kuishia wapi. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja ninaowasihi wajumbe wenzangu waushike: andikeni mpaka kwanza, kisha msimu, na adhabu iwe ya mwisho.

Jueni mali mnayoitungia sheria iko chini ya nani

Ardhi ya kijiji husimamiwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na humo halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi kwa niaba ya wanakijiji wote. Bahari si ardhi ya kijiji. Uvuvi una Sheria yake, Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za mwaka 2009, na sheria hiyo ndiyo iliyoweka vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambavyo pwani nzima vinajulikana kama BMU. Kwa hiyo jambo la mwamba lianzie katika BMU, kwa mpango wa usimamizi ambao ofisa uvuvi wa wilaya ameuona na kuukubali, kisha sheria ndogo ije kuupa mpango huo nguvu. Kijiji kilicho ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, kina jambo moja zaidi: hifadhi hiyo ina sheria mama nyingine, yaani sheria ya Bunge inayoiongoza, Na. 29 ya mwaka 1994, hivyo rasimu ipelekwe kwa mhifadhi mapema, kabla haijasomwa mkutanoni.

Mikoko nayo wengi huikosea. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu tangu enzi za ukoloni, na leo iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kijiji hakina mamlaka ya kuigawa wala ya kumwandikia mtu kibali cha kukata miti ya kujengea ya mikoko, kama boriti na mazio, hata kama mikoko hiyo imeota mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Kinachowezekana ni kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kisha kutunga sheria ndogo kwa yale yanayotokea upande wa nchi kavu: njia za kuingilia msituni, mahali pa majiko ya kuchemshia dagaa na kuni zinazotumika hapo, utupaji wa takataka, na mifugo inayokanyaga miche. Mkitaka kuzuia ujenzi karibu na maji, msitunge upya kilichokwisha kutungwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kimeshalinda mita 60 kutoka ufukweni, nanyi mnachohitaji ni kukitaja na kueleza nani kijijini atatoa taarifa pale kinapovunjwa.

Vivyo hivyo kwa uvuvi wa bomu, kokoro (nyavu za kukokota) na pweza wa chini ya gramu 500: Kanuni za Uvuvi zimeshayakataza. Sheria ndogo inayorudia katazo la taifa haiongezi kitu, na ikilirudia kwa maneno tofauti humpa mshitakiwa nafasi ya kuhoji ni lipi kati ya maneno hayo mawili alilolivunja.

Mpaka hutembelewa kwa miguu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Chagueni siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, mwende mwambani pamoja: wajumbe, BMU, wavuvi wa madema na, zaidi ya wote, akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu, kwa maana wao ndio wanaoujua mwamba shimo kwa shimo. Siku tuliyotembea sisi, kijana wa BMU alichukua majira ya nukta nne, yaani vipimo vya mahali zilipo, kwa simu yake, na mama mmoja mtu mzima, nondo yake nyembamba mkononi na kapu begani, akamwangalia mpaka akamaliza.

"Mwanangu," akamwambia, "hapo ulipoweka alama ni mlango wa kupitia vyombo, sisi hatuchokoi hapo. Mwamba wetu unaanzia kule kwenye jiwe lenye maji yasiyokauka."

Tulimfuata. Ilitubidi kuihamisha nukta ya kwanza karibu hatua mia mbili. Laiti tungeipeleka wilayani kama ilivyokuwa, tungekuwa tumefunga njia ya mashua na kuacha wazi mashimo ambamo pweza hutagia. Siku hiyohiyo tuligundua kwamba vijana wanauita mwamba ule kwa jina moja na wazee kwa jina jingine, basi tukayaandika yote mawili katika jedwali, pamoja na nukta za simu na alama za nchi kavu ambazo nahodha anaziona akiwa chomboni. Asije mtu akasema hakujua.

Kama mwamba unatumiwa na vijiji viwili, kaeni na jirani kabla ya kuandika lolote. Mkoa wetu una uzoefu wa jambo hili: mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994 kwa msaada wa serikali ya Ireland na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, uliviweka vijiji vya Tanga, Muheza na Pangani katika maeneo ya usimamizi wa pamoja, na baadhi ya miamba ikafungwa kwa makubaliano ya wavuvi wenyewe. Wazee walioshiriki bado wapo. Waulizeni ni mwamba upi ulioheshimiwa na upi ulioibiwa usiku, na kwa nini.

Msimu na maneno ya kifungu

Pweza wa mwambani huishi muda mfupi, kiasi cha mwaka mmoja hivi, na hukua haraka sana. Jike hutaga mara moja tu, hukaa shimoni akiyalinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ndiyo maana kufunga mwamba kwa miezi mitatu tu kunaleta tofauti inayoonekana kwa macho, jambo ambalo haliwezekani kwa changu au chewa wanaochukua miaka kukua. Anzeni na pweza: watu wakiona faida ndani ya msimu mmoja, mazungumzo ya kufunga kwa muda mrefu zaidi huwa mepesi.

Ugumu uko katika tarehe. Wavuvi huhesabu kwa mwezi mwandamo, sheria huhesabu kwa kalenda, na mwamba ukifunguliwa siku ya maji mafu, yaani maji yasipokupwa mbali, hakuna atakayefika kwenye pweza. Sisi tuliandika kwamba kufungwa ni kwa siku zisizozidi 90, na kwamba halmashauri ya kijiji itatangaza tarehe ya kufungua, iangukie kwenye bamvua, angalau siku saba kabla.

Kifungu chetu cha awali kilisema: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuharibu mwamba." Mwanasheria wa halmashauri aliuliza kuharibu ni kufanya nini, nasi hatukuwa na jibu moja. Kilichokubaliwa kilisema: "Mtu yeyote hataruhusiwa kukamata, kuchokoa au kukusanya pweza ndani ya eneo lililoelezwa katika Jedwali la Kwanza wakati wa kipindi cha kufungwa kilichotangazwa kwa mujibu wa kifungu cha 5." Kitendo kimetajwa, mahali pametajwa, wakati umetajwa. Kila kifungu kipimwe kwa mambo hayo matatu, na kikikosa hata moja kiandikwe upya.

Adhabu iwe ndani ya ukomo wa sheria mama, ipande kwa kosa la pili na la tatu, na iwe kiasi ambacho mwanakijiji wa kawaida anaweza kukilipa. Faini isiyolipika huishia kwa watu kuoneana haya, na mkosaji anasamehewa kimyakimya. Kufukuza mtu kijijini au kumtaifishia chombo bila mahakama si kazi ya sheria ndogo, hivyo kesi isiyomalizika kwa kufifilisha kosa, yaani mkosaji kukiri na kulipa bila kufika mahakamani, ipelekwe Mahakama ya Mwanzo.

Mkutano mkuu, kisha wilayani

Sheria inaitaka halmashauri ya kijiji iitishe mkutano mkuu ili wanakijiji watoe maoni yao kuhusu rasimu. Msiuitishe siku za bamvua mchana, kwa kuwa akina mama wote watakuwa mwambani na mtajadili riziki yao wenyewe wakiwa hawapo. Siku za maji mafu ndizo zinazofaa. Rasimu isomwe yote kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, na maoni yanayopinga yaandikwe katika muhtasari kama yanayounga mkono. Wavuvi wa dago waliopiga kambi ufukweni nao waitwe, maana sheria itawagusa hata kama nyumba zao ziko Pemba.

Baada ya hapo halmashauri ya kijiji hupitisha rasimu, na mtendaji huipeleka kwa mkurugenzi wa wilaya ikiwa na muhtasari, orodha ya mahudhurio yenye saini, na ramani. Mpeni diwani nakala mapema na kumwomba aje mwambani, kwa sababu yeye ndiye atakayejibu maswali katika baraza la madiwani. Mpaka baraza litakapoidhinisha, sheria yenu haina nguvu, na faini yoyote iliyotozwa kabla ya hapo ni ya kurudishwa. Walio katika mitaa ya Jiji la Tanga wafahamu kwamba mtaa hautungi sheria ndogo. Hoja yao ipitie kwa diwani ili itungwe na halmashauri ya jiji.

Sheria ikishaidhinishwa, ibandikwe ofisini na kwenye mnada wa samaki, na isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwa ruhusa ya imamu. Kila faini ikatiwe stakabadhi ya serikali, bila kumpendelea mtoto wa mjumbe. Siku ya kwanza ya kufungua mwamba, watu wawili wakae ufukweni na mizani na daftari, waandike idadi na uzito wa pweza wa kila mvuvi, na daftari hilo lipelekwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, kabla ya mtu yeyote kupendekeza kubadilisha hata neno moja la sheria.