Kumnasa mwizi wa maji kabla ya kushika sururu

Hapa Goma bomba halilali chini sana. Mtaa uliopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, ukitaka kuchimba hata nusu mita, sururu itachoka kabla ya mwamba. Kwa hiyo mabomba mengi yanapita juujuu, na anayetaka kujiungia kwa siri anahitaji msumeno na kipande cha mpira tu.

Niliwahi kumtuhumu mama mmoja mbele ya majirani kwamba anaiba maji. Tulipovunja mwamba tukakuta bomba limepasuka, basi. Tangu siku ile naanza na saa na kalamu.

Chagua tawi la bomba lenye mita yake kubwa ya maji mwanzoni. Waombe wateja wafunge robine (koki) zote. Saa nane usiku andika namba ya mita kubwa, usome tena kila robo saa mpaka saa kumi. Soma na mita za nyumba, maana kuna anayejaza tangi lake kwa haki. Mita kubwa ikiwa imekula mita 3 za ujazo na zile ndogo hazikusogea, hizo ni bidoni 150 za lita 20 zilizopotea.

Sasa tazama zilivyopotea. Bomba lililopasuka halisinzii: kila robo saa karibu kiasi kilekile, pengine zaidi kidogo, kwa sababu presha hupanda watu wakilala. Lakini tangi la mwizi hujaa. Maji yanakimbia, boya linafunga, mita inasimama ghafla. Yule mama angepona aibu kama ningezijua robo saa hizi.

Mita ikiwa bado inakimbia, funga vali mojamoja kuanzia mwisho wa tawi ukirudi nyuma. Vali itakayoipunguza mwendo ndiyo yenye habari: tafuta kati yake na ile uliyoifunga kabla yake. Weka ncha ya nondo kwenye bomba, nyingine sikioni. Maji yanayochepuka huvuma. Kwenye plastiki sauti hufa upesi, kwa hiyo usiruke hatua nyingi.

Mchana ni kutembea tu. Chukudu, zile skuta zetu za mbao za kubebea mizigo, zinatoka na bidoni zimejaa kwenye parseli (kiwanja) isiyo na mita, na robine ya mtaa imekauka? Uzio wa mawe ya lava umepangwa upya sehemu moja? Ukiona kidimbwi jua likiwaka, chota kidogo, tia kidonge cha kupimia klorini cha DPD: yakigeuka rangi ya waridi, yana klorini, ni maji ya bomba.

Ukiyapata maungio ya siri, usikate. Mwite nyumbakumi, piga picha, mwenye mtandao wa maji aje azibe. Tundu likiachwa wazi, presha ikishuka bomba hunyonya tope, na kipindupindu kwetu si mgeni.

Usiku unaofuata rudi kwenye mita kubwa. Mara nyingi nimekuta tundu la pili.