Mzigo wa Guangzhou: maneno ya kujua kabla hujalipa

Kabla hujatuma hela, shika futikamba. Mzigo wangu wa kwanza, madoli ya watoto, niliuliza bei ya kilo tu. Boksi lilikuwa kilo 8, kwa ndege nikatozwa 20! Kumbe mzigo mwepesi wenye mwili mkubwa hulipiwa ujazo: sentimita 60 × 50 × 40, gawanya kwa 6,000.

Kwa meli wanahesabu CBM, yaani mita moja ya ujazo. Boksi lilelile ni 0.12, kwa hiyo kumi ni CBM 1.2. Hapo unachangia kontena na wenzako, futi 20 nzima ya nini?

Muuzaji akikutajia FOB, bei yake inaishia mzigo ukishapakiwa melini huko kwao. Nauli na bima ni juu yako. CIF imebeba hivyo vyote hadi bandari ya Dar, ila ushuru haumo. Wengi hulilia hapo.

Ukiagiza kontena zima, kagua jina lako kwenye BL, ile hati ya shehena, herufi kwa herufi. Kisha muulize wakala siku za bure za kukaa na kontena ni ngapi. Zikiisha, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza kuhesabiwa, Jumapili nayo imo.