Namna ya kuandaa faili lenye rangi maalumu kwa ajili ya mashine ya ofseti

Kitabu cha risiti, karatasi ya barua yenye nembo ya Saccos na kadi ya mchango wa harusi ni kazi zinazopita kila siku katika viwanda vya uchapaji vya Dar es Salaam, na nyingi kati yake hazina haja ya rangi nne. Katika kazi ya rangi nne, kila rangi uionayo imejengwa kwa nukta ndogo sana za samawati, majenta, manjano na nyeusi, na jicho ndilo linalozichanganya. Rangi maalumu ni wino uliokwisha kuchanganywa ndani ya kopo kabla ya kufika kwenye mashine, nao hutengenezewa pleti yake peke yake, yaani bamba linalobeba kinachochapwa kwa wino huo kwenye mashine ya ofseti. Kwa hiyo karatasi ya barua yenye maandishi meusi na nembo ya kijani huhitaji pleti mbili tu, na nembo hiyo haina nukta wala haibadiliki rangi kutoka toleo moja hadi jingine, mradi mchanganyiko wa wino ni uleule.

Kabla ya kufungua kompyuta, uliza kazi itachapwa kwa mashine gani. Mashine za kidijitali zilizo katika maduka mengi ya Kariakoo huigiza rangi maalumu kwa kutumia wino zake za kawaida, hivyo kwa kadi chache za haraka hutafaidi lolote. Kinyume chake, dhahabu na fedha za kweli haziwezi kupatikana kwa kuchanganya rangi nne hata kidogo. Mteja anayetaka dhahabu ing'aayo kwenye kadi yake anahitaji wino wa metali kwenye ofseti, au teknolojia nyingine kabisa kama ya kubandika karatasi ya dhahabu kwa joto.

Rangi yenyewe ichaguliwe kwenye kitabu cha sampuli kilichochapwa, wala si kwenye skrini. Mfumo unaotumika zaidi ni wa Pantone, ulioanzishwa Marekani mwaka 1963, ambao kila rangi yake ina namba na maelezo ya kuichanganya kutokana na wino za msingi. Herufi inayofuata namba huonyesha aina ya karatasi ambayo sampuli ilichapwa: C ni karatasi iliyopakwa, ile laini yenye kung'aa, na U ni isiyopakwa, kama bondi ya kawaida. Kopo la wino ni lilelile. Kinachobadilika ni jinsi karatasi inavyounywa. Mteja aliyependa 286 C kwenye kitabu, kisha akachapishiwa kwenye bondi, ataona buluu iliyopauka na atalaumu kiwanda bila sababu. Mwonyeshe ukurasa wa U mapema. Umuulize pia mchapaji kuhusu muda wa kukauka, kwa kuwa baadhi ya wino, hasa Reflex Blue, hujulikana kwa kuchelewa kukauka, na unyevu wa pwani hausaidii.

Sasa ingia kwenye programu. Katika Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, fungua menyu ya Edit, nenda kwenye sehemu ya rangi, tengeneza rangi mpya kwa mfumo wa CMYK (zile rangi nne za kawaida), kisha uweke alama kuwa ni Spot Color. Scribus haiji na maktaba ya Pantone kwa sababu za leseni, lakini hilo si kikwazo, kwa sababu asilimia za CMYK unazoandika hapo ni za kuonyesha rangi kwenye skrini na kwa printa ya ofisini tu. Kinachotengeneza pleti ni jina. Liandike kama litakavyoandikwa kwenye oda ya wino, kwa mfano PANTONE 286 C, na ulitumie hilohilo katika kila sehemu ya waraka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: nembo iliyoletwa kutoka programu ya michoro ya CorelDRAW ina rangi iitwayo PANTONE 286 U, vichwa vya habari vina PANTONE 286 C, na mstari wa chini una rangi iitwayo Buluu ya Ofisi. Kwa macho yote ni buluu moja, lakini kompyuta ya kutengeneza pleti itatoa pleti tatu, na mteja atatozwa zote.

Katika InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, nenda kwenye paneli ya Swatches, unda rangi mpya na uchague Spot badala ya Process. Tangu mwaka 2022 Adobe imeondoa sehemu kubwa ya maktaba za Pantone kwenye programu zake. Usipoikuta namba yako, andika jina mwenyewe. Kama majina mawili yamekwisha kuingia, kidirisha cha Ink Manager hukuwezesha kuelekeza moja kwenye jingine bila kugusa kila kitu ukurasani. Wanaopanga kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri, wajue kwamba pakiti ya rangi ya xcolor peke yake haitoshi. Pakiti ya colorspace ndiyo inayoandika rangi maalumu ndani ya PDF, ilhali ConTeXt, mfumo unaofanana na LaTeX, ina amri yake ya \definespotcolor. Microsoft Word haina nafasi ya rangi maalumu, na ni afadhali kazi ihamishwe kuliko kulazimishwa.

Wino mmoja unaweza kutoa viwango vingi vya rangi, kuanzia hafifu hadi iliyokolea. Asilimia 20 ya buluu yako huwa mandharinyuma nzuri ya jedwali la risiti, bila pleti ya ziada. Hata hivyo usiipe maandishi madogo asilimia ya rangi, kwa maana herufi zitavunjika kuwa nukta na kusomeka kwa shida. Picha nayo iwe ya kijivu, ihifadhiwe kama TIFF, kisha ipakwe rangi maalumu ndani ya InDesign; picha ya rangi kamili iliyosahaulika ukurasani hurudisha pleti zote nne.

Maandishi meusi yaliyo juu ya eneo la rangi yachapwe juu yake moja kwa moja, yasitoboe nafasi nyeupe chini yake. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na katika jiji kama hili pleti mbili zinaweza kuachana kidogo, jambo linaloacha uzi mweupe kuzunguka kila herufi. Rangi mbili zisizo nyeusi zinapokutana, muulize mchapaji ni nani atakayeziacha zipandane kidogo. Mara nyingi karibu milimita 0.1 hutosha, na viwanda vingi hupenda kufanya wenyewe. Usifanye wote wawili.

Wakati wa kutoa PDF, hakikisha kisanduku cha kugeuza rangi maalumu kuwa za kawaida hakina alama. PDF/X-1a, aina ya PDF iliyokusudiwa uchapaji, hukubali CMYK pamoja na rangi maalumu, nayo hukataa RGB, yaani rangi za skrini, hivyo ni chaguo salama. Kisha lifungue faili lililotoka, wala si waraka wa awali, kwenye onyesho la utenganishaji: Output Preview katika Acrobat Pro hufanya kazi hiyo vizuri. Zima wino mmoja mmoja uone kinachobaki. Kazi ya nyeusi na buluu ionyeshe majina mawili yenye kitu ndani. Kitu chochote kikionekana kwenye majenta au manjano, rudi ukakitafute.

Unapopeleka faili, andika kwenye oda idadi ya pleti, jina la kila wino na aina ya karatasi. Prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyotolewa kwa printa ya kawaida huthibitisha maandishi na mpangilio tu, haithibitishi rangi. Omba wino upakwe kwenye kipande cha karatasi ileile itakayotumika, ungojee ukauke, kisha mteja atie saini juu ya kipande hicho kabla mashine haijawashwa.