Rula Haitoshi: Kusoma CT ya Saratani ya Figo Iliyosambaa

Mama mmoja mwenye saratani ya figo, aliyevuka feri kutoka Likoni, aliniuliza kabla hajashuka meza ya CT, mashine inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka: "Mwanangu, uvimbe umenywea?" Rula, yaani kipimo cha ukubwa, ilisema bado. Nanyi wenzangu mnaosoma picha hizi hapa Mombasa mtaulizwa hivyohivyo, basi mimi hufanya hivi.

Kwanza, itisha picha za kabla ya tiba. Picha zenyewe, si ripoti. Tazama zilipigwa sekunde ngapi baada ya kudungwa dawa ya kontrasti, inayong'arisha damu kwenye picha. Saratani ya figo ya seli angavu hunywa damu nyingi. Kivimbe kilichosambaa hadi kongosho au ini hung'aa kwenye awamu ya ateri, kama sekunde 30 hivi, na kufikia sekunde 70, awamu ya vena, chaweza kufifia usikione. Niliwahi kuandika "vivimbe vipya", kumbe vilikuwepo tangu mwanzo. Picha za kwanza, zilizopigwa kwingine, zilikuwa na awamu ya vena tu. Nusura mgonjwa aachishwe dawa inayomfaa.

Pili, kabla ya kontrasti tazama kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Wengi wa wagonjwa hawa wamebaki na figo moja.

Tatu, pima kwa RECIST 1.1, kanuni za kimataifa za kupima uvimbe kwa ukubwa: vivimbe visivyozidi 5, wala 2 kwa kiungo kimoja, kila kimoja milimita 10 au zaidi. Tezi za limfu hupimwa upande mfupi, kuanzia milimita 15. Jumla ya vipimo hivyo ikishuka asilimia 30, tiba imeitika. Ikipanda asilimia 20 kutoka jumla ndogo kuliko zote, na si chini ya milimita 5, ugonjwa umesonga mbele.

Nne ndiyo yenye kazi. Dawa ya sunitinib na wenzake huunyima uvimbe mishipa ya damu, ukafa ndani bila kupungua nje. Zungushia uvimbe wote mstari, pamoja na sehemu iliyokufa, usome namba ya Hounsfield, kipimo cha jinsi tishu inavyong'aa kwenye CT, katika awamu ileile ya picha za mwanzo. Uvimbe wa yule mama ulitoka milimita 40 hadi 37, lakini Hounsfield ikaanguka kutoka 96 hadi 48. Kwa vigezo vya Choi, vinavyotazama pia Hounsfield, kushuka asilimia 15 tu kungetosha kusema tiba imeitika. Vilibuniwa kwa ajili ya GIST, aina ya uvimbe wa tumbo na utumbo, kwa hiyo naviandika kando ya RECIST, si badala yake.

Kwa wanaotumia nivolumab, dawa inayochochea kinga ya mwili, subira. Chembe za kinga zikijazana, uvimbe waweza kufura kwanza. iRECIST, yaani RECIST ya tiba za kinga, hutaka picha ya pili baada ya wiki 4 hadi 8, mradi mgonjwa mwenyewe yu imara.

Ripoti ya yule mama ilitoka na mistari miwili: "RECIST: umetulia. Hounsfield: imeshuka nusu." Daktari wake hakugusa dawa.