Bastola fupi ya mfukoni: jinsi ya kujifunza kulenga nayo

Bastola ya silinda yenye mtutu wa inchi mbili hupendwa kwa sababu moja kubwa: inafichika. Mnunuzi wa kahawa anayezunguka Mbozi na fedha za wakulima, au mwenye duka la jumla Makambako anayefunga usiku, akiivaa ndani ya koti zito la mwezi wa saba hakuna anayejua. Shida hujitokeza siku ya kwanza ya kuipiga. Risasi tano zinatawanyika karatasi nzima, hata hapo hapo mita 7, na mwenyewe anaapa kuwa mtutu ni mbovu. Mara nyingi mtutu hauna neno. Mpe bastola hiyo hiyo mpigaji aliyezoea, aiegemeze kwenye mfuko wa mchanga, na matundu yote matano utayafunika kwa kikombe cha chai.

Haya ni kwa mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sehemu ya kupigia waulize polisi wa wilaya yako. Shamba lako la misindano si uwanja wa shabaha. Risasi ya .38 Special, ambayo bastola nyingi za namna hii hutumia, ikipotea hewani huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au shina la mti hujui itageukia wapi. Nyuma ya shabaha kuwe na ukingo mrefu wa udongo laini usio na mawe.

Kwa nini inakosa

Kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana kwa sentimita 10 hivi. Ncha ya mtutu ikisogea milimita 1 tu wakati wa kuvuta, kwa mita 7 risasi inakwenda kando kwa milimita 70. Kwenye bastola kubwa yenye vilengeo vilivyoachana sentimita 16, kosa hilo hilo ni milimita 44.

Halafu kuna kifyatulio. Kwenye bastola hizi za risasi tano, kuvuta kunakoinua nyundo na kuzungusha silinda kwa pamoja kunadai nguvu ya kilo 5 hadi 6. Bastola yenyewe, ikiwa ni ya fremu ya alumini, ina gramu 420 hivi. Unavuta zaidi ya mara kumi ya uzito wa kitu ulichokishika, ndiyo maana kitu chenyewe kinafuata kidole badala ya kidole kufanya kazi yake peke yake. Ya chuma, yenye gramu 550 hivi, hutulia zaidi na haiumizi kiganja. Kwa anayeanza, ningemshauri ya chuma bila kusita, hata kama mfuko utalemewa kidogo.

Kushika na kuvuta

Panda juu ya mpini. Ile ngozi kati ya gumba na shahada ikae juu kabisa inapowezekana, ila isizibe njia ya nyundo. Kidole kidogo mara nyingi hukosa nafasi; kikunje chini ya mpini, kisiachwe kining'inie. Ukiona hakitulii, nunua mpini wa mpira ulio mrefu kwa sentimita moja na nusu. Utaficha kwa shida kidogo, lakini utapiga vizuri.

Mkono wa kushoto uzungushe vidole juu ya vile vya kulia, na gumba la kushoto likae juu ya kucha ya gumba la kulia. Magumba yote yabaki nyuma ya silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na kila risasi inapotoka, moshi na gesi ya moto hupenya hapo kwa nguvu ya kuchana nyama. Waliozoea bastola za magazini hunyoosha gumba mbele bila kufikiri, na hapa ndipo hujeruhiwa. Bana hadi vilengeo vianze kutetemeka, kisha legeza hadi mtetemo uishe. Hicho ndicho kipimo chako.

Kwa kifyatulio kizito namna hii, ncha ya kidole haitoshi. Weka mkunjo wa pingili ya kwanza ya shahada. Vuta kwa mwendo mmoja usiokatika, bila kusimama njiani kusubiri vilengeo vikae sawa. Anayesimama katikati huishia kudonyoa kipande cha mwisho kwa pupa, na risasi inakwenda chini. Macho yashike kilengeo cha mbele kiwe wazi kabisa. Shabaha ionekane na ukungu kidogo, hilo halina tatizo.

Ukishafyatua, rudisha kidole hadi kifyatulio kifike mbele mwisho wake. Ukikirudisha nusu, unaweza kukuta hakivutiki, au silinda inaruka tundu. Wengi huita hiyo hitilafu ya bastola na kuipeleka kwa fundi bure.

Bastola zenye nyundo ya nje hukuruhusu kuipandisha kwa gumba kwanza, na hapo kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Tumia njia hiyo kujua tu risasi zinaangukia wapi. Ukijifunzia nayo, siku ya kuvuta kwa uzito kamili utaanza upya.

Mazoezi ya nyumbani

Hapa ndipo shabaha inapopatikana, na hayagharimu risasi hata moja. Toa risasi zote, zihesabu, zipeleke chumba kingine. Fungua silinda, tazama matundu yote kwa jicho, kisha yapitie kwa ncha ya kidole, maana jicho lililochoka hudanganya. Weka risasi bandia ili kulinda pini inayogonga risasi. Kama bastola yako ni ya .22, ile ya risasi ndogo, usiifyatue tupu kabisa, kwa sababu pini yake hugonga ukingo wa tundu na kuuharibu. Elekeza kwenye ukuta wa tofali ambao nyuma yake hapakai mtu.

Laza sarafu ya shilingi 50 juu ya kilengeo cha mbele, halafu vuta. Ikianguka, umesukuma. Itaanguka sana wiki ya kwanza. Tatizo huwa vidole vitatu vya chini vinavyokaza pamoja na shahada. Fundisha shahada itembee yenyewe huku wenzake wakibaki na nguvu ile ile. Mivuto 40 kwa siku inatosha. Mkono ukichoka, acha, la sivyo utauzoeza makosa.

Uwanjani

Vaa miwani na vizibo vya masikio, na kwa mtutu mfupi weka na vifuniko juu ya vizibo, kwa maana mlio wake ni mkali. Anza mita 3, sahani ya karatasi ya sentimita 15. Usisogee hadi risasi zote tano ziingie kwenye sahani mara tatu mfululizo. Kisha mita 5, 7, na 10. Risasi 25 kwa siku ni nyingi vya kutosha. Zaidi ya hapo kiganja kinauma, na mkono unaouma hujifunza kuogopa.

Woga huo una dawa yake. Mwambie mwenzako ajaze silinda, risasi za kweli tatu na bandia mbili, aizungushe bila wewe kuona, aifunge akupe. Kwenye risasi bandia utaona mwenyewe mtutu ukichovya chini, kana kwamba umeusukuma kwa makusudi. Rudia hadi usichovye.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu ya chini kushoto ni ya kudonyoa kifyatulio na kukaza mkono mzima. Yakienda juu, unasukuma kwa kisigino cha kiganja ukiusubiri mrusho, yaani ule mruko wa bastola risasi inapotoka. Yakikusanyika vizuri lakini mahali pasipofaa, chunguza risasi kabla ya kujilaumu. Vilengeo visivyorekebishika vya .38 kwa kawaida hutengenezwa kwa risasi ya greni 158, yaani gramu 10 na ushei. Risasi nyepesi zaidi hutoka kabla mtutu haujainuka sana, hivyo hugonga chini. Kwenye bastola nyepesi kagua pia risasi zilizobaki: mrusho huweza kuvichomoa vichwa vyake taratibu kutoka kwenye ganda hadi vikaizuia silinda isizunguke.

Kilengeo cheusi hupotea kwenye kivuli. Kisugue kwa spiriti, paka rangi nyeupe ya kucha, ikikauka ongeza ya machungwa juu yake. Tabaka mbili nyembamba hudumu kuliko moja nene.

Kutoa maganda, inua mtutu juu na ugonge kijiti cha kutolea kwa kiganja mara moja, kwa nguvu. Kijiti ni kifupi na hakisukumi ganda hadi mwisho. Ukikisukuma polepole, ganda moja hunasa chini ya nyota ya silinda, kile kipande kinachosukuma maganda nje. Chini ya nyota hiyo ndipo pia hujikusanya chembe za baruti. Silinda ikigoma kufunga, piga mswaki mkavu hapo kabla ya kutafuta kosa lingine.

Baridi ya Njombe na Makete, Juni na Julai, hukakamaza vidole hadi visihisi kifyatulio. Pasha mikono kwapani dakika mbili kabla ya kupiga. Glavu nene hazifai kabisa, kwa kuwa hujibana ndani ya kikingo, ile pete inayozunguka kifyatulio, na kuzuia kifyatulio kurudi mbele. Na ukitoka kwenye baridi hiyo kuingia chumba chenye jiko la mkaa, chuma kitatoa jasho papo hapo. Toa risasi, iache bastola wazi nusu saa mahali panapofungwa kwa kufuli, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta ya bunduki tone moja kwenye mhimili wa silinda na utandu mwembamba nje. Matundu ya silinda yabaki makavu, maana mafuta hupenya kwenye risasi.