Kabla Hujalipa Gharama za Inkasso Ujerumani

Barua ya Inkasso, yaani ya kampuni ya kukusanya madeni, ikiingia nyumbani, wengi wetu hufanya moja kati ya mawili: tunaificha kwenye droo, au tunalipa yote siku hiyo hiyo ili roho itulie. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, na mimi nalikubali hilo. Lakini kwenye barua ile deni ni mstari mmoja tu. Mistari mingine yote ni gharama, na gharama hulipi mpaka uzikague. Kwa hiyo tulia, chukua kalamu, ufanye haya kabla hujatuma hata senti.

Hakiki kampuni. Kila kampuni ya kukusanya madeni lazima iwe imesajiliwa, na daftari liko wazi bure kwenye rechtsdienstleistungsregister.de. Ukikosa jina lao, au ukiona namba ya akaunti inaanza na herufi za nchi nyingine badala ya DE, simamisha kila kitu. Matapeli wanatuma barua zenye nembo nzuri kuliko za wenyewe.

Hakikisha deni ni lako. Kama ni la umeme, linganisha namba ya mita, tarehe uliyohama na malipo yako ya kila mwezi. Kama hulitambui, lipinge kwa maandishi mapema, kwa sababu deni unalolipinga halitakiwi kupelekwa Schufa, kampuni inayotunza rekodi za ulipaji madeni za watu. Hata usilolipinga, kwa kawaida lazima uwe umekumbushwa kwa maandishi angalau mara mbili, na wiki 4 ziwe zimepita tangu ukumbusho wa kwanza.

Sasa shuka kwenye gharama, mstari kwa mstari. Ada ya Inkasso ina kipimo chake kisheria. Kwa deni la zaidi ya euro 50 hadi 500 ambalo hulipingi, ukilipa baada ya barua yao ya kwanza, ada pamoja na gharama za posta ni kama euro 31 kwa viwango vya Juni 2025. Kesi ya kawaida inafika kama euro 56. Wakizidisha hapo, waeleze kwa nini. Ada za barua za ukumbusho ziwe gharama halisi ya karatasi, bahasha na stempu, yaani euro mbili tatu hivi. Ukiona euro 15 au 25, kuna mtu anatengeneza faida. Riba ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni pointi 5 za asilimia juu ya riba ya msingi ya kisheria. Ile ya pointi 9, pamoja na ada ya mkupuo ya euro 40, ni ya biashara kwa biashara, haikuhusu. Angalia pia kama wameongeza kodi ya mauzo juu ya ada yao. Kampuni ya umeme kwa kawaida hurudishiwa kodi hiyo na serikali, kwa hiyo haina sababu ya kukudai wewe.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: usisaini karatasi yao ya kulipa kwa awamu.

Mwaka 2022 nilihama nyumba. Hesabu ya mwisho ya umeme, euro 187.40, ilitumwa anwani ya zamani na sikuiona. Barua ya Inkasso ndiyo iliyonifikia, ikisema euro 285.92. Ndani yake kulikuwa na euro 25 za ukumbusho na euro 18.50 za kutafuta anwani yangu, na mimi nilikuwa nimejiandikisha manispaa wiki ileile niliyohamia. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nikapiga simu. Mama aliyepokea alikuwa mpole sana, akaniambia nisihangaike, atanitumia fomu nilipe kidogo kidogo kila mwezi, ni utaratibu tu. Fomu ikaja na bahasha ya kurudishia ambayo stempu imeshalipiwa. Nikaisaini juu ya meza ya jikoni, chakula kikiwa jikoni, mtoto akinivuta nguo. Nilisoma kiasi cha kila mwezi na tarehe ya kulipa, basi.

Chini, kwa maandishi madogo, kulikuwa na neno refu: Schuldanerkenntnis. Maana yake nimekiri deni lote, pamoja na gharama zote, na kwamba siwezi tena kuleta pingamizi nililokuwa nalijua. Juu yake wakaongeza ada ya makubaliano, euro 41.16, kwa sababu tu tumekubaliana. Deni la 187.40 likawa 327.08. Nilipokwenda Verbraucherzentrale, kituo cha kuwashauri na kuwatetea wateja, mshauri aliikunjua ile fomu, akaweka kidole kwenye neno lile, akaniuliza kama ile ni sahihi yangu. Ilikuwa yangu. Akaniambia ningekuja wiki moja kabla, zile 25 na 18.50 tungezipinga kwa barua ya nusu ukurasa. Nilitoka pale nikiwa na hasira mpaka nikapitiliza kituo changu cha treni.

Sheria iliyoanza Oktoba 2021 inawataka wakueleze mapema madhara ya kukiri deni na gharama ya makubaliano ya awamu. Maelezo hayo yanakuja, ila yanakuja na karatasi nyingine nne. Yatafute, yasome kwanza.

Unachotakiwa kufanya ni hiki. Lipa deni lenyewe na riba halali, pamoja na sehemu ya ada unayoona ni ya haki, na kwenye maelezo ya malipo uandike unalipa nini, kwa mfano Hauptforderung, yaani deni lenyewe. Usipoandika, pesa yako inaanza kumezwa na gharama na deni linabaki palepale. Halafu tuma barua ya rejista ukitaja kila gharama unayoikataa na sababu yake. Simu haina ushahidi.

Ikija bahasha ya njano, usiiweke kando hata siku moja. Hiyo huenda ni Mahnbescheid, amri ya kulipa kutoka mahakamani, na tarehe ambayo mleta barua ameiandika kwenye bahasha ndiyo inayoanza kuhesabu wiki 2 zako. Itunze bahasha. Mahakama haijachunguza kama unadaiwa kweli, imepitisha ombi tu. Fomu ya Widerspruch, yaani ya pingamizi, iko ndani, na unaruhusiwa kupinga sehemu moja tu, yaani gharama, ukaliacha deni.

Usione aibu kuomba msaada. Verbraucherzentrale wana kipimo cha bure mtandaoni cha kukagua ada za Inkasso. Mwenye kipato kidogo aende Amtsgericht, mahakama ya eneo lake, akaombe Beratungshilfeschein, cheti cha msaada wa ushauri wa kisheria, atamwona wakili kwa euro 15.

Mengine unayajua: fungua barua zote, hata za kampuni usiyoipenda. Ukihama, piga picha mita na uwape anwani mpya kwa maandishi. Weka nakala. Usimpe mtu wa simu namba ya akaunti yako. Usiahidi tarehe ambayo mshahara haujaingia. Na karatasi yoyote yenye mahali pa kusaini, ilaze usiku mmoja, asubuhi mwonyeshe anayesoma Kijerumani kuliko wewe.